Jicho la Kushoto la Mama Mkwe

Mliponiuliza kwenye jumuiya safari ilikuwaje, nilijibu, "Nzuri, tumshukuru Mungu," nikakaa. Mama Yustina akanitazama akasema hilo si jibu la mtu aliyekaa zaidi ya wiki nje ya nyumba yake. Alisema kweli. Mimi si msemaji, na tangu mke wangu Restituta afariki maneno yamezidi kupungua. Ila kuandika naweza. Nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Basi nimeandika, msome hata kama sipo. Habari za barua ya rufaa na tiketi nimeziacha, kila mtu anazijua.

Kwanza niseme mambo matatu, maana baadhi yenu mmehamia kutoka mbali.

La kwanza ni jicho. Mama mkwe wangu, Mama Kostansia wa Nyamiaga, ana kisukari cha miaka mingi. Jicho lake la kulia lilikufa kabla hatujajua kwamba kisukari huua macho. La kushoto likaanza kufuata. Daktari wa Mwanza alieleza kwamba mishipa midogo nyuma ya jicho imeharibika na inavujisha maji, na maji hayo yanatuama pale pale pa kuonea. Dawa yake ni sindano inayochomwa ndani ya jicho lenyewe, kila mwezi, mwanzoni bila kuruka hata moja. Restituta alimpeleka mama yake mara mbili. Kabla ya mara ya tatu tulikuwa tumemzika Restituta.

La pili ni ukwe. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hakai naye kiti kimoja, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na mama naye ni vivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima ya mtu aliyekupa mtoto wake. Niliishi na Restituta miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo mama yake nimemjua kwa sauti na kwa mgongo.

La tatu ni mkoba. Kadi ya kliniki ya mama ilikuwa ndani ya mkoba wa Restituta, na mkoba ulikuwa umetundikwa chumbani. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakusanyike kumaliza matanga, vifunguliwe mbele ya wote. Siku hiyo shemeji yangu Leokadia, ndugu yake marehemu, alipoufungua, kadi ikaanguka sakafuni. Tarehe mbili zilikuwa zimepita. Watu wakasema, masikini, hakuna aliyejua. Mimi nikanyamaza.

Leokadia ananyonyesha mapacha. Kaka yao yuko Mpanda. Binti yangu Editha amejifungua juzi. Nilibaki mimi.

Murukulazo hadi Nyamiaga

Nilitoka kwangu Murukulazo gizani, nikafika Nyamiaga alfajiri ya Jumatatu. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga kitenge kichwani, uso ameuelekeza ukutani kama inavyopasa. Mfuko wake ulikuwa magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Editha. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mwanamke?"

"Hakuna, mama."

"Basi Mungu ametucheka," akasema, akasimama.

Nilikuwa nimekata fimbo ndefu ya mkaratusi. Nikampa ncha moja, nikashika nyingine, tukashuka hivyo hadi barabarani, mimi mbele, yeye nyuma. Pikipiki niliyoiita ilikuwa ya Gervas, mtu mzima tunayefahamiana naye. Alitaka tupande wote wawili, mama katikati, mimi nyuma nimshike.

"Siwezi," nikamwambia. "Ni mama mkwe wangu."

"Najua ni mkwe wako. Sasa nani atamshika, malaika?"

"Nenda naye polepole. Mimi nakuja kwa miguu."

Nyamiaga na Ngara mjini si mbali, lakini kuna mlima. Nilipofika stendi jasho lilikuwa limelowesha shati, na Gervas alikuwa amemkalisha mama kwenye benchi la wakata tiketi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Amenishika kiuno kama mtoto. Haoni kitu yule mama. Mnasubiri nini siku zote?"

Ngara hadi Nyakahura

Viti vyetu vilikuwa viwili vya pamoja. Nikamwomba mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, anayetoka Kabanga kwenda gulio la Nyakahura, tubadilishane. Yeye akakaa na mama, mimi nikarudi safu tatu nyuma. Leokadia alikuwa ametufungia ndizi na maharage ndani ya hotipoti. Nilimpa yule mfanyabiashara ampakatishe mama.

Hapa ndipo nilipokosea, na naomba mlisome vizuri, maana kosa hili hata ninyi mngelifanya.

Mama alikuwa amemeza kidonge chake cha kisukari nyumbani, saa kumi na moja. Kidonge kile kinataka chakula nyuma yake. Yeye alijua. Lakini alijua pia kwamba mimi niko nyuma, safu tatu tu, na ninamwona. Kwa hiyo hakufungua hotipoti. Mimi nilimwona hali, nikafikiri hana njaa. Nami sikula, kwa sababu hata akiwa haoni, mimi najua yupo. Tukaheshimiana hivyo tangu Ngara, tukapita njia panda ya Benako, tukaingia porini.

Katikati ya pori basi likachemka. Maji ya rejeta yalikuwa yanavuja, na fundi wa basi alikuwa dereva mwenyewe. Abiria tukashuka, tukasambaa kwenye kivuli chembamba kando ya lami. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalikuwa yanapita yakitupulizia vumbi. Mzee mmoja alisema zamani mahali hapa usingekaa hata dakika tano, majambazi wangekuvua mpaka viatu. Mwingine akamjibu, "Siku hizi hawana haja ya kuja porini, wananunua basi bovu tu na kukuuzia tiketi." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nilimwona amekaa ameegemea mfuko wake, kimya sana.

Yule mfanyabiashara wa vitenge akanijia. "Baba, mama yako hataki kula. Nimemwambia mara mbili. Anasema baadaye."

"Labda hana njaa," nikasema.

"Labda," akasema, lakini alinitazama kwa namna ambayo ingetosha kuniamsha, kama ningekuwa mtu wa kuamka.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu.

Nyakahura

Basi lilijikokota hadi Nyakahura likasimama kabisa. Ilikuwa siku ya gulio. Ng'ombe walikuwa wengi, na watu, na moshi wa nyama. Yule mama wa vitenge akashuka na marobota yake, akatuaga, akapotea. Kondakta akasema twende tukale, gari litatengenezwa mpaka saa nane.

Nikampa mama ncha ya fimbo. Tulikuwa tunapita mbele ya mabanda, na muuza mishikaki mmoja akapaza sauti, "Baba, huyo unampeleka mnadani? Mbona unamvuta kama ng'ombe?" Wenzake wakacheka. Niliona aibu, nikaongeza mwendo. Hilo nalo nalikiri. Niliongeza mwendo, na yeye akaongeza nyuma yangu.

Kisha fimbo ikawa nzito. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, jasho linamtiririka hadi shingoni, na midomo inatetemeka. Akasema, "Restituta, funga mlango, mbuzi wanaingia."

Nikasema, "Mama, ni mimi."

"Restituta, mbuzi," akasema tena, kwa ukali, kama mtu anayesema na mtoto mbishi. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akalala ubavu.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema amekunywa. Nilisimama na fimbo yangu mkononi, mita moja kutoka alipolala, na mikono yangu haikushuka. Siwezi kuwaeleza kwa nini. Miaka ishirini na sita ilikuwa imenishika mabega.

Kwenye banda la soda alitoka mwanamke mnene, Msukuma kwa lafudhi yake, anafuta mikono kwenye kanga.

"Mama huyu ana sukari?"

"Ndiyo."

"Amekula?"

"Sijui."

"Hujui? Umesafiri naye, hujui?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Akanitazama. "Hata kwetu mkwe haguswi," akasema. "Lakini kwetu huwa tunajitenga nao wakiwa wazima. Simama hivyo hivyo, baada ya nusu saa utamzika kwa heshima zote."

Nikatupa fimbo. Nikapiga magoti, nikamnyanyua mama kichwa, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi na wa baridi. Yule mwanamke akaleta kikopo cha sukari, akailowesha kwa maji kidogo. Alisema nisimnyweshe kitu kwanza kwa sababu hana fahamu za kumeza, atapaliwa. Nimpake sukari ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo. Nikafanya. Kidole changu kilikuwa kinamgusa mama yake mke wangu mdomoni, mbele ya gulio zima. Nikapaka, nikangoja, nikapaka tena. Sikusali sala yoyote ninayoikumbuka. Nilikuwa nasema tu moyoni, Restituta, usiniulize.

Baada ya muda akaanza kulamba. Kisha akafumbua macho, lile lisiloona na lile linaloona kidogo.

"Nani huyu amenishika?"

"Ni mimi, mama. Baba Editha."

Nilitegemea atanisukuma. Hakunisukuma. Alikaa akipumua, kisha akasema, "Nina kiu." Yule mwanamke akamnywesha soda, nusu chupa. Alipoweza kukaa, akatuburuta wote wawili hadi kwenye benchi la banda lake, akafungua hotipoti ya Leokadia, akatugawia sahani mbili.

"Mtakula hapa, mimi nawaona," akasema. "Mkimaliza mtaendelea na heshima yenu huko mbele ya safari."

Tukala. Mama aligeukia upande wa barabara, mimi upande wa ng'ombe, migongo yetu karibu igusane. Ndizi zilikuwa zimepoa. Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani, na sijawahi kufurahia sauti kama ile.

Biharamulo

Gari lilipona saa kumi. Tulipofika Biharamulo, basi la kwenda Mwanza lilikuwa limeondoka, ikabidi tulale. Kutoka Nyakahura hatukuwa tumesemezana. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake, kwa kuwa sasa niliogopa kukaa mbali, lakini nilitazama dirishani njia nzima, naye alitazama magoti yake.

Nyumba ya wageni tuliyopata ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mchangamfu. Alipotuona alisema, "Karibuni, karibu mama, karibu kijana wa mama," akatupa ufunguo mmoja. "Chumba kina vitanda viwili. Utamsaidia mama yako kama akitaka kwenda nje."

Nikamwambia tunahitaji vyumba viwili.

"Nimebaki na hicho tu. Mbona ni kikubwa? Mtoto gani anakataa kulala na mama yake mgonjwa?"

Mama akajibu kabla yangu. "Si mtoto wangu. Ni mume wa marehemu mwanangu."

Yule mama akaenda akarudi na mkeka na blanketi, akanitandikia kwenye korido mbele ya mlango, na binti yake akaingia kulala na mama chumbani. Hakutuuliza kitu tena. Alituletea ugali na samaki wa ziwani, sahani ya mama ndani, yangu nje, bila kuambiwa.

Giza lilikuwa limeingia. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya mama.

"Baba Editha."

"Naam, mama."

"Kesho, kabla sijameza kidonge, uniulize kama nimekula."

"Nitakuuliza."

"Na wewe uniambie kama umekula."

"Nitakuambia."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kumweleza juu ya mkoba. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yenyewe tangu Nyakahura. Nikafungua mdomo, nikasema, "Lala salama, mama." Ndivyo nilivyo.

Mwanza

Siku ya pili tuliamka mapema. Nikamuuliza kama amekula, akasema chai na chapati. Akaniuliza, nikasema vivyo hivyo. Tukapita Bwanga, Geita, tukavuka ziwa juu ya daraja la Busisi. Mama aliuliza mbona tunasikia upepo pande zote mbili. Nikamwambia tuko juu ya maji. "Restituta aliniambia ni ziwa kubwa," akasema. "Mimi niliona weupe tu."

Hospitali tulifika Jumatano asubuhi. Sitaeleza foleni. Nitasema tu kwamba kulikuwa na benchi refu, na watu juu yake karibu wote walikuwa wanasubiri sindano ile ile, na kila aliyekwisha kuchomwa alikuwa anaulizwa na wengine, "Inauma?" Mzee mmoja wa Ukerewe alijibu, "Inauma kuifikiria. Yenyewe ikifika imekwisha."

Walimpima sukari na presha. Wakamkalisha mbele ya mashine inayopiga picha nyuma ya jicho. Kisha tukaitwa kwa daktari, msichana mdogo wa umri wa Editha wangu, mpole lakini hazungushi maneno. Alikuwa na picha tatu kwenye kioo cha kompyuta. Akanionyesha ya kwanza, kilima kama kichuguu. Hayo ndiyo maji. Ya pili, baada ya sindano ya kwanza, kichuguu kimeshuka karibu chote. Ya tatu, ya leo, kimerudi.

"Alikuwa anaitikia dawa vizuri sana," akasema. "Mbona mlikatisha?"

Mama alikuwa kwenye kiti pembeni yangu. Akasema, "Tulifiwa."

"Poleni. Nani aliyefariki?"

"Yule aliyekuwa ananileta."

Daktari akaweka kalamu chini. "Dada Restituta?" Alimkumbuka. Akasema pole tena, kwa sauti nyingine. Jambo lingeweza kuishia hapo. Tulikuwa tumefiwa, kadi ilikuwa mkobani, mkoba haufunguliwi. Kila mtu angeelewa.

Nikasema, "Daktari, si msiba. Ni mimi."

Wote wawili wakanigeukia.

"Kadi ilikuwa ndani ya mkoba wa mke wangu. Desturi yetu ilinikataza kuugusa mpaka matanga yaishe. Lakini nilimwona akiiweka humo kadi. Nilijua ipo, na nilijua tarehe zinapita. Desturi haikunikataza kusema. Ningemwambia Leokadia, wazee wangekaa, wangeruhusu. Sikusema kwa sababu sikutaka mkoba ufunguliwe. Ukifunguliwa, vitu vyake vinagawanywa, na chumba kinabaki changu peke yangu. Nikauacha unaning'inia, na jicho la mama likaendelea kuharibika."

Daktari alinitazama muda. "Baba," akasema, "mimi sikuuliza ili nikuhukumu. Niliuliza ili nijue kama dawa imeshindwa. Kama ni kukatisha tu, tuna mahali pa kuanzia. Lakini sikufichi. Muda uliopotea huwa haurudi wote. Tunaweza kuzuia asipoteze zaidi. Kurudisha, hatuwezi kuahidi."



Walimwingiza chumba cha sindano, nami nikaambiwa niingie kwa sababu hataki kubaki na wageni. Walimtia matone ya ganzi, mara mbili, tatu. Wakasafisha jicho kwa dawa ya rangi ya kahawia, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu, wakaweka kichuma kidogo cha kuzuia kope zisifunge. Nesi akaniambia, "Mshike mkono, asitikisike." Nilisita. Kisha nikaona mkono wa mama wenyewe umefunguka juu ya shuka, vidole vimetandazwa, unangoja. Nikaushika. Daktari akamwambia atazame juu. Sindano ni nyembamba kama unywele. Ilikaa chini ya muda wa kusema "Salamu Maria" nusu. Mkono wa mama ulikaza mara moja, ukalegea.

"Naona moshi," akasema. "Vitu vyeusi vinaelea."

"Ndiyo dawa hiyo, mama," daktari akamwambia. "Vitapotea. Ila jicho likiuma sana, likiwa jekundu, au ukiona vibaya kuliko leo, usingoje tarehe. Mje siku hiyo hiyo."

Baadaye tulikaa nje kwenye benchi, jicho lake limefunikwa, kwa hiyo alikuwa hana jicho kabisa. Nilikuwa nangoja aniambie neno, lolote.

"Mimi pia nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Tarehe. Nilikuwa nahesabu siku pale mlangoni. Ningemtuma mtu kwako. Sikumtuma." Akakunja kitenge chake juu ya goti, akakunjua. "Nilisema, mtoto ameondoka, jicho la nini."

Kosa lake halikupunguza langu, na sidhani alilisema kwa kusudi hilo. Alilisema kwa sababu nililisema langu.

"Basi tusigombee," akasema. "Umekula?"

"Bado."

"Nenda kanunue. Leta mbili."

Kurudi

Mlitaka kujua zaidi habari za kurudi, lakini kurudi kulikuwa rahisi. Gari halikuharibika. Tulilala tena Biharamulo, tukaingia Ngara Ijumaa. Kazi ilikuwa ni matone. Baada ya sindano kuna dawa ya matone mara nne kwa siku, isishikwe kwa mikono michafu, maji yasiguse jicho. Mara ya kwanza, kwenye stendi ya Geita, tone lilikwenda pembeni.

"Hilo limeponya shavu," mama akasema.

La pili liliingia.

Daktari alisema kila asubuhi mtu alitazame jicho lile kama lina wekundu. Leokadia angeweza, lakini anaishi mbali na pale, na ana wale mapacha. Kwa hiyo nilibaki Nyamiaga siku chache, nikilala kwa jirani, na kila asubuhi mama alikaa mlangoni, safari hii uso ameuelekeza nje, nami nikainama nikamtazama. Nikaona ni wapi Restituta alipata paji lake la uso, na ile alama ndogo juu ya nyusi niliyofikiri ni kovu. Sikumwambia. Nilisema tu, "Jeupe, mama. Halina wekundu." Wazee wawili walipita njiani wakaona, mmoja akageuza uso. Simlaumu. Amelelewa kama mimi.

Nilirudi nyumbani. Kadi sasa imetundikwa sebuleni, kila anayeingia anaiona, na tarehe ijayo mnaijua hata ninyi, maana nimewatajia ili mnikumbushe.

Jumapili ya tatu tangu sindano, baada ya misa, pikipiki ikasimama kwangu Murukulazo. Alikuwa Gervas, na mama nyuma yake. Mama hakutaka kuingia ndani. Alisema anataka kwenda kwa Restituta. Siku ya mazishi alisimama pale pale kaburini, lakini kwake lilikuwa weusi tu na sauti za watu.

Nikampeleka kwenye migomba, nimemshika mkono. Tukasimama. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeshusha udongo. Mimi hupita hapo kila asubuhi nikienda shambani, huvua kofia na kuendelea.

Mama alisimama muda mrefu, kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama mtu anayetafuta sauti.

"Msalaba umelala," akasema.

Nilifikiri anakisia. Nikatazama. Ulikuwa umelala kweli, si sana, kuelekea bondeni. Nilikuwa nimepita hapo kila asubuhi ya wiki ile, na macho yangu yote mawili mazima, sikuwa nimeona.

Nikapiga magoti, nikafukua udongo shinani, nikausukuma.

"Bado," mama akasema. "Kuume kidogo."

Nikausogeza.

"Umezidisha. Rudisha."

Nikarudisha, nikaushikilia kwa mikono miwili, nikangoja.

"Hapo," akasema. "Shindilia."